Ukurasa Nilioufuta

Mwanangu, iko siku moja ya soko pale Rodi Kopany ambayo ningekusimulia hata ukiniamsha usingizini. Mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri, na kandokando ya barabara ya Homa Bay palikuwa tope tupu. Kibanda changu cha kompyuta kilipakana na kinu cha kusaga mahindi. Kinu kikiunguruma, meza yangu ilitetemeka na mimi pamoja nayo. Mwanamke mmoja wa makamo alisimama mlangoni, leso kichwani, viatu mkononi kwa ajili ya tope, akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sisi wa huku:

"Wewe ndiye Fundi wa Rodi?"

Nilitabasamu kabla sijajibu. Ngoja kwanza nikueleze kwa nini nilitabasamu, maana ndani ya tabasamu lile ndimo kosa langu lilimokuwa.

Siku hizi naitwa mzee. Katika kazi hii yetu ya kuandika programu za kompyuta, mtu akipita miaka hamsini anahesabiwa mzee, hata kama kule kijijini wazee wenyewe bado wanamtuma kuleta viti. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Nilikuwa nimefanya kazi Nairobi, kampuni ikafungwa, nikarudi nyumbani na begi moja na kompyuta ya mkononi iliyopasuka kona. Mtu akirudi kutoka Nairobi mikono mitupu, watu hawamsemi mbele yake. Humsalimu kwa upole kupita kiasi, na upole ule unauma kuliko matusi. Nikafungua kibanda. Niliziandikia shule programu za kupanga matokeo ya mitihani, nikatengeneza kompyuta za makanisa, nikawachapia watu barua. Na kazi ilipopungua, niliandika blogu.

Niliiita Fundi wa Rodi. Niliiandika kwa Kiswahili, kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa njema: niliona mambo ya kompyuta karibu yote yameandikwa kwa Kiingereza, na wako watu wenye akili zao timamu wanaokwama kwa sababu ya lugha tu. Ya pili haikuwa njema sana: kwa Kiingereza nilikuwa mmoja kati ya maelfu, kwa Kiswahili nilikuwa karibu peke yangu.

Mwanzoni niliandika niliyoyafanya kwa mikono yangu. Namna ya kuiamsha kompyuta kuukuu ambayo wenye mji wameitupa. Namna ya kuikinga na umeme wetu huu, unaokuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Makala hayo yalisomwa na watu saba, kumi na wawili, siku njema ishirini. Chini ya ukurasa palikuwa na kaunta iliyohesabu wageni, na mimi niliitazama kaunta ile kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Nyumbani kwetu ni Wasabato. Jumamosi hatugusi kazi. Lakini nilikuwa naificha simu ndani ya Biblia, mchungaji akihubiri, nami nikihesabu wageni wangu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikaa benchi la mbele akidhani mwanawe anafuata somo.

Kisha nikaandika makala yenye kichwa hiki: "Fufua Data Iliyogoma kwa Dakika Tano." Umeme ukikatika ghafla, programu ya kuhifadhi kumbukumbu inaweza kukataa kufunguka. Nilikuwa nimesoma mahali, kwa Kiingereza, kwamba kuna vijifaili fulani ambavyo ukivifuta programu huamka. Njia hiyo sikuwahi kuifanya. Sikuwa hata na kompyuta ya kuijaribia. Lakini niliandika kama mtu aliyeifanya mara mia.

Na hapa nataka unisikilize vizuri. Katika rasimu ya kwanza niliandika sentensi hii: kabla ya kufuta chochote, nakili faili zote uziweke mahali pengine. Niliiandika, mwanangu. Halafu nikaitazama. Kunakili kungechukua nusu saa, pengine zaidi kwa mashine nzee, na kichwa changu kilisema dakika tano. Kichwa kilikuwa kitamu. Nikaifuta sentensi, nikakiacha kichwa.

Makala yale yalivuma. Watu wa Mombasa na wa Mwanza, watu nisiowajua, waliandika chini yake, "Wewe ni fundi kweli," "Ubarikiwe kaka." Kaunta ilipanda mpaka nikadhani imeharibika. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililitia maji kabla hata ya kusifiwa, kwa kuzitamani tu zile sifa.

Sasa unaelewa kwa nini nilitabasamu. Nilidhani ni msomaji aliyekuja kunipa mkono.

"Ndiye mimi," nikasema. "Karibu ndani, mama. Keti."

Akaniambia anaitwa Sista Boke, muuguzi katika zahanati ndogo kule Kuria, si mbali na mpaka wa Tanzania. Nikavuka kwa jirani nikamnunulia soda. Kisha nikaanza kumsimulia: nilivyoianzisha blogu, wasomaji nilionao, ninavyofikiria siku moja kuandika kitabu. Nilisema peke yangu muda mrefu. Yeye alinisikiliza, mikono imelala mapajani, soda hakuigusa. Nilipotua kuvuta pumzi, alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua, akailaza mezani. Ilikuwa makala yangu, imechapwa. Kando ya kila hatua alikuwa ametia tiki kwa kalamu ya buluu, kama mwanafunzi anayemfuata mwalimu wake.

"Hii uliifanya wewe mwenyewe?" akauliza.

"Ipi, mama?"

"Hii. Kabla hujaandika, uliifanya kwa mkono wako?"

"Ni njia inayojulikana," nikasema. "Mafundi wengi wa..."

"Sikuulizi kama inajulikana. Nauliza kama uliifanya."

Kinu cha jirani kilikuwa kimenyamaza. Nilitamani kiungurume.

"Hapana," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokwisha kulijua, kisha akanieleza. Zahanati yao ilikuwa na kompyuta moja, na ndani yake kumbukumbu za kina mama na watoto za miaka mitatu: nani ni mjamzito na anatarajia kujifungua lini, mtoto yupi amechanjwa nini na arudi tarehe ngapi. Umeme ukakatika, ukarudi, programu ikagoma. Fundi wao alikuwa mbali, simu yake haipatikani.

"Nilitafuta kwa Kiingereza," alisema, "nikasoma mara tatu, sikuelewa. Nikatafuta kwa Kiswahili, nikakupata wewe. Nikafurahi. Nikasema, huyu ni mtu wetu, hawezi kutupoteza."

Mwanangu, nimeambiwa makali mengi maishani, na mengine niliyastahili zaidi. Hakuna lililonikata kama lile "mtu wetu."

"Na programu ilifunguka," akaendelea. "Ilifunguka vizuri kabisa, kwa dakika tano kama ulivyosema. Ila ndani hamkuwa na mtu hata mmoja."

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, maana tusi ni rahisi kulibeba. Unalijibu, au unanuna, yanaisha. Hakunitukana. Alisema hivi: "Sikuja kugombana. Nimekuja na mambo mawili. La kwanza, twende uone kama kuna cha kuokoa. La pili, palepale ulipoandika haya, uandike kwamba ulikosea, na kosa liko wapi, ili mwenzangu mwingine asije akatia tiki kama nilivyotia mimi."

Nikaahidi yote mawili.

Kesho yake nilikuwa zahanatini kwake. Nilikaa siku tatu mbele ya ile mashine, na nilichokikuta ni kile ambacho ningekijua mapema laiti ningejaribu mara moja tu kabla ya kuandika: maji yakimwagika hayazoleki. Sista Boke hakuwa amenisubiri. Alikwisha kununua madaftari na kuanza kwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba kina mama kadi za kliniki, anakili upya, jina kwa jina. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unavimba akitembea sana. Siku ya tatu alinipa daftari moja. "Nifuate," akasema.

Tulifika kwenye boma la mama mmoja kijana aitwaye Wegesa. Alikuwa akianika mahindi uani, mtoto wake wa kiume mgongoni. Kadi yake ililiwa na panya.

"Alichomwa ngapi huyu?" Sista Boke akamuuliza.

"Mbili. Au tatu. Kwani si mliandika kwa kompyuta? Mlituambia kadi hata ikipotea, kompyuta inakumbuka."

"Kompyuta imesahau, mama."

"Imesahau." Wegesa aliacha kutandaza mahindi. "Sasa mnataka kumchoma tena kutoka mwanzo?"

"Ndiyo njia ya kuwa na hakika. Haitamdhuru."

"Sindano ni zenu, Sista, lakini mtoto ni wangu. Leo imesahau, kesho itasahau tena, mtamchoma mpaka lini?" Kisha akanigeukia. "Na huyu ni nani?"

Nilitazama chini. Mwanangu, nilijua pale ndipo mahali pa kusema, na ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Sista Boke akanisubiri kidogo. Aliponiona kimya, akajibu yeye: "Ni fundi. Amekuja kutusaidia."

Tulipotoka nje ya boma nikamwambia asante. Hakugeuka.

"Usinishukuru," alisema. "Lako bado hujalifanya."

Nilirudi Rodi na nia njema kabisa. Nia njema haijawahi kunipungukia, nadhani wewe pia hujapungukiwa. Nikafungua blogu, nikaanza kuandika marekebisho juu ya yale makala. Niliandika mistari mitatu: "Nilikosea. Njia hii sikuijaribu. Imempotezea mtu..." Nikainua macho, nikaona chini yake yale maneno yote: wewe ni fundi, ubarikiwe kaka. Nikawaza, hawa wakisoma hii watanionaje? Na watu wa hapa Rodi, wanaonisalimu kwa upole, je? Nikafuta mistari mitatu. Nikaandika tena, nikafuta tena. Mwishowe nikafanya jambo ambalo kwa saa ile nililiona la kiungwana. Nikafuta blogu nzima. Makala arobaini na moja, kazi ya miaka minne, mabaya na mema pamoja. Nilijiambia kwamba aliyekosa hana haki ya kufundisha tena. Ilisikika kama toba. Haikuwa toba, mwanangu, ilikuwa kukimbia. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua.

Majuma mawili baadaye simu ililia.

"Nimeutafuta ukurasa wako nione ulivyorekebisha," alisema Sista Boke. "Siuoni."

"Niliufuta, mama. Wote. Sitaki mtu mwingine apotee."

"Lakini maneno yako nimeyaona kwingine. Kuna mtu ameyachukua akayaweka kwake, bila jina lako. Yako vilevile. Bado yanasema dakika tano."



"Sikukuomba ufute," akaendelea. "Nilikuomba urekebishe. Sasa uongo una nyumba, na ukweli hauna hata pa kusimama."

Nikamwandikia yule aliyenakili. Hakujibu mpaka leo. Pengine hata hakuwahi kusoma barua. Nikamwambia Sista Boke nitafungua ukurasa mpya niandike yote. Akasema, "Haya." Nami nilimaanisha, kwa siku ile.

Baada ya hapo ilikuja hasara ambayo sikuitarajia, na wewe unayeniuliza kama kuandika blogu kuna faida ilhali wasomaji ni wachache, tega sikio. Alikuja mwalimu mmoja kutoka Ndhiwa, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Shule yao ilikuwa imepewa kompyuta kuukuu kumi na nane, na alikuwa akizifufua moja moja kwa kufuata makala yangu, yale ya watu kumi na wawili. Nne zilikuwa tayari zinafanya kazi.

"Omera, ndugu yangu, ule ukurasa wako umeenda wapi?" aliniuliza. "Nilifika hatua ya sita. Nikasema nitaendelea wiki kesho. Nimerudi, hakuna kitu."

"Niliufuta."

"Si kitu, nisomee basi kwenye nakala yako."

Sikuwa na nakala. Tulikaa kibandani kwangu mchana kutwa na kompyuta moja aliyoileta, nikijaribu kukumbuka. Hatua nyingine zilikuwa zimenitoka kabisa. Zilikuwa ni mambo niliyoyagundua kwa kukosea na kukosea, nikayaandika ili nisilazimike kuyabeba kichwani. Jioni aliibeba mashine yake akaniaga kwa heshima. Aliniambia darasa lake lina watoto arobaini na watano, na watakaa wengi kwenye zile nne. Mimi kwa miaka nilikuwa nimewahesabu wale kumi na wawili kama aibu. Sikuwahi kujiuliza nyuma ya kila mmoja wamesimama wangapi.

Na mwaka uliofuata Sista Boke alinipigia tena. Surua ilikuwa imepita upande wao. Wegesa hakurudi kliniki. Alisema hawezi kumleta mtoto mahali panaposahau. Yule mtoto wa mgongoni aliugua sana, akapona, lakini masikio hayakurudi. Hasikii.

"Ni kwa sababu yangu?" nikauliza. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu mwingine.

Alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo hata wa kufariji. "Siwezi kusema ni wewe," alisema. "Wapo waliochanjwa wakaugua, wapo wasiochanjwa wakapona. Siwezi kusema ni wewe. Wala siwezi kusema si wewe."

Ninaishi ndani ya maneno hayo mpaka leo. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ungedhani baada ya hapo niliandika. Sikuandika. Kadiri jambo lilivyokuwa zito ndivyo nilivyosema nahitaji muda zaidi ili niliandike vizuri. Miaka ikapita. Kazi yangu ikakua, nikahamia mjini Homa Bay, nikaandikia hospitali na vyama vya wakulima programu ambazo, nashukuru, zote zinanakili kumbukumbu zake zenyewe kila siku bila kuombwa. Hiyo ndiyo toba niliyoiweza: ya kimya, isiyonigharimu uso. Sista Boke alinipigia kila Krismasi kunijulia hali. Mara mbili za kwanza aliniuliza, "Umeandika?" Nikasema bado. Baada ya hapo hakuuliza tena. Aliuliza habari za watoto wangu, mvua, afya ya mama. Kutouliza kwake kulinichoma kuliko kuuliza.

Juzi hapa mmoja wenu vijana aliniambia kwamba siku hizi hakuna haja ya mtu wa kawaida kuandika, maana ziko mashine zinazojibu kila swali. Nikataka kuona. Nikaiuliza moja ya hizo mashine, kwa Kiswahili, nifanye nini na data iliyogoma. Ilinijibu kwa adabu sana. Hatua tatu. Dakika tano. Hakuna mahali iliposema nakili kwanza. Niliyatambua yale maneno, mwanangu, hata mpangilio wake niliutambua, kama mtu anavyoutambua mwendo wake kwa mtoto aliyemkana. Siwezi kuapa kwamba ni yangu. Lakini najua mashine hizi zinakula kilichoandikwa. Na kwa Kiswahili kulikuwa na chakula kidogo, na sehemu ya chakula kile niliipika mimi.

Siku hiyohiyo nikaamua kumpigia Sista Boke, nimwambie kwamba sasa naandika, na kwamba ningependa amsomee Wegesa kabla sijaweka hadharani. Simu ilipokewa na binti yake. Aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia.

"Ah, Fundi wa Rodi," akasema. "Mama alikutaja. Tulimzika majuma matatu yaliyopita. Namba yako hatukuipata mapema, tungekuambia."

Nikamuuliza kama mama yake aliacha neno lolote. Alifikiri kidogo, akasema hapana, hakuacha neno. Aliniombea tu, kama alivyowaombea wengine wengi, kila jioni, majina kwa zamu. Nilitamani angekuwa amenilaumu. Lawama ningeijibu.

Niliketi nikaandika. Ilinichukua chini ya saa moja, jambo lililonishinda miaka kumi na mingapi. Niliandika jina langu kamili. Niliandika kwamba njia ile sikuijaribu, kwamba sentensi ya kunakili niliifuta ili kichwa kiwe kitamu, na nani alilipa. Kisha nikaandika njia iliyo sahihi, niliyoifanya kwa mikono yangu mara tatu kwenye kompyuta ya kujaribia. Nikaenda Kuria. Wegesa sasa ana wajukuu wa dada yake uani, na yule mwanawe ni kijana mrefu anayefyatua matofali na kuzungumza kwa mikono. Nilimsomea mama yake ukurasa wote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sista alijua ni wewe siku ile?" akauliza.

"Alijua."

Akatikisa kichwa. "Ungesema siku ile ile," alisema, "mimi ningegomba na wewe, ningekufukuza na mwiko. Halafu ningerudi kliniki. Nilikataa kwa sababu hakuna aliyeniambia kilichotokea. Mtu akifichwa, anaogopa."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Alinipa chai, nikanywa, nikaondoka, na jioni ile nikauweka ukurasa hadharani.

Basi ndiyo hayo, mwanangu. Uliniuliza kama blogu ya mwandishi wa programu ina maana yoyote, wakati wakubwa wameshaandika kila kitu na kaunta yako haisogei. Nakujibu: ina maana kubwa kuliko unavyofikiri, na kwa sababu hiyo ina hatari kubwa kuliko unavyofikiri. Andika. Andika hasa kwa lugha ya watu wako, maana ukikaa kimya atakuja mwenye haraka kama mimi awe ndiye pekee wanayempata. Lakini andika ulichokifanya kwa mkono wako, na pale ulipokomea useme umekomea hapo; kusema "sijui" kwenye ukurasa hakujamuua mwandishi yeyote. Ile sentensi inayokuharibia kichwa chako kitamu ndiyo usiiondoe. Heri kujikwaa dole kuliko ulimi, na maandishi ni ulimi usiochoka wala kulala. Usihesabu wasomaji wako. Wafikirie tu kama watu waliokwama, wanaotia tiki kando ya kila neno lako kwa imani. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usikimbilie kufuta. Rekebisha palepale, mbele ya walewale waliokusifu, kosa la zamani lionekane na jina lako chini yake. Fanya hivyo wiki ileile. Anayekuomba urekebishe anakupenda, na hatakuwapo siku zote.

Mungu akupe mikono inayojaribu kabla ya kufundisha. Akupe wasomaji wachache walio wakweli kuliko wengi wanaokusifu. Na siku utakapolazimika kusema "nilikosea", nyathina, mtoto wangu, akujalie uiseme mapema, wakati waliokuamini wangali hai wakusikie.